Nani Alilipia Ukarimu wa Sultani wa Kilwa?

Kurasa ambazo Ibn Battuta aliiachia Kilwa ni chache mno. Ukizifungua kwenye simu pale steji ya Isiolo, utazimaliza kabla matatu ya Meru haijajaa. Lakini tumezibebesha kazi nyingi. Vitabu vya historia tulivyosoma shuleni vilizitaja, makala za utalii huzidokoa, na mtu yeyote anayetaka kuonyesha kwamba pwani yetu ilikuwa na miji, misikiti na watawala wenye adabu kabla Mreno hajatia nanga, lazima amwite huyu shahidi kutoka Moroko. Hilo sina ubishi nalo. Ubishi wangu ni juu ya picha ya mtu mmoja aliye katikati ya kurasa hizo, Sultani al-Hasan bin Sulaiman, na juu ya ndugu yake Dawud, ambaye amepewa sentensi chache tu na zote zinamchafua. Nimezisoma mara nyingi sasa. Naona tumekuwa tukimpigia mtu makofi bila kuuliza doh ya sherehe ilitoka wapi.

Kwanza mwenyewe. Al-Hasan alitawala Kilwa Kisiwani takriban kuanzia 1310 hadi 1333. Alikuwa wa ukoo wa Mahdali, masharifu wenye asili ya Yemeni, walioshika kiti kupitia babu yake, al-Hasan bin Talut, mwishoni mwa karne ya 13. Tarehe ya Kilwa, ile ya Kiarabu ambayo nakala yake ya karne ya 19 iko London, inasema katika ujana wake alikaa Aden akisoma, kisha akahiji Makka. Kilwa wakati huo ilikuwa imeshika biashara ya dhahabu iliyopitia Sofala, Msumbiji ya leo. Zinajulikana sarafu za dhahabu zenye jina lake, na sarafu yake ya shaba imepatikana hadi Great Zimbabwe, mbali kabisa na bahari. Watu walimpa lakabu ya Abul-Mawahib. Tuseme Baba wa Zawadi. Kwa lugha ya mtaani, mtu wa kumwaga.

Ibn Battuta alifika kwake 1331, akitokea Mogadishu na Mombasa, na lakabu hiyo ndiyo iliyomteka. Ili kuithibitisha anasimulia kisa kimoja, na ni kisa kitamu, lazima nikiri.

Ni Ijumaa. Sultani ametoka kuswali, anarudi nyumbani. Fakiri mmoja kutoka Yemeni anamsimamisha njiani, anamwita kwa lakabu yake. Sultani anaitikia vizuri, anamuuliza haja yake. Fakiri anasema anataka nguo alizovaa. Hizo hizo alizo nazo mwilini. Sultani anakubali. Fakiri anasema, sasa hivi. Basi sultani anageuka, anarudi msikitini, anaingia nyumba ya khatibu, anavaa nguo nyingine, anamwita fakiri aje achukue zake. Fakiri anazifunga, anazitia kichwani, anaondoka. Watu wanamshukuru sultani kwa unyenyekevu huo. Mwanawe, mrithi wa kiti, anamfuata fakiri na kuzikomboa nguo za baba kwa watumwa kumi. Sultani akisikia jinsi watu wanavyomsifu, anaamuru fakiri aongezewe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Hapo Ibn Battuta anatupa habari ya pembeni: zawadi za huko kwa kawaida ni pembe, dhahabu hutolewa mara chache.

Kama hadithi, iko sawasawa. Ina mwendo, ina mshangao, na lile neno "sasa hivi" la fakiri linakufanya ucheke. Wengi huishia hapo: jamani, Kilwa ilikuwa na mtawala anayevua nguo kwa ajili ya maskini! Lakini hebu uisome tena polepole ukihesabu vichwa. Watu ishirini wameingia kwenye kisa na kutoka bila kusema neno. Fakiri hana jina, sawa, lakini ana kwao na ana mdomo. Sultani ana jina na lakabu. Umati una sauti. Wale ishirini ni tarakimu, kumi na kumi, wamewekwa kwenye sentensi pamoja na pembe kama vitu vya stoo moja. Katika kurasa hizo hizo Ibn Battuta anawataja masharifu wa Hijazi waliokuwa wageni wa sultani, na anawataja kwa jina, jina la baba, na wengine hadi la babu. Kwa hiyo si ati hakuwa na nafasi ya majina. Nafasi ilikuwepo.

Na angalia bei. Suti moja ya nguo, hata kama ni ya mfalme, imekombolewa kwa watu kumi.

Walitoka wapi? Hapa ndipo ninapomheshimu Ibn Battuta kuliko wanaomnukuu, kwa sababu yeye hakuficha. Anasema wazi kwamba sultani huyu alikuwa akivamia nchi ya Wazanji mara kwa mara, anachukua ngawira, anatenga khumsi na kuigawa kama Qur'ani ilivyoagiza. Fungu la jamaa za Mtume aliliweka kwenye hazina ya peke yake, na masharifu wakija kutoka Iraki, Hijazi na kwingineko, anawapa. Habari ya uvamizi na habari ya zawadi zimekaa jirani kabisa. Ni mwandishi tu hazigusanishi. Na sisi wasomaji tumefanya vibaya zaidi, tumeibeba ya pili tukaiacha ya kwanza kitabuni.

Najua kuna watakaosema khumsi ni sheria, na sultani aliifuata. Kweli aliifuata. Hesabu ya kugawa imenyooka. Swali langu liko kabla ya hesabu, kwenye kile kijiji cha bara kilichoamka asubuhi kikakuta kimekuwa ngawira. Na kuna jambo la lugha hapo ambalo kwangu ndilo gumu kuliko yote: Ibn Battuta anasema wakazi wengi wa Kilwa yenyewe ni Wazanji, weusi, wenye chale usoni. Wanaovamiwa pia ni Wazanji. Neno ni moja. Tofauti anayoiweka ni dini. Wa mjini ni Waislamu, tena anawasifia uchamungu wao, wa bara ni makafiri. Kwa hiyo wale wanaoizungumzia Kilwa kama mji wa Waarabu waliowafanyia Waafrika unyama, na wale wanaoizungumzia kama fahari safi ya Mwafrika isiyo na doa, wote wanasoma kitabu kingine. Hiki kina watu wanaofanana sura, waliopakana, upande mmoja ukiishi kwa kuuchuma upande wa pili.

Nilimsomea kisa cha fakiri mzee mmoja jirani yangu, mtu wa mbuzi, amezeeka akienda soko la mifugo hapa Isiolo. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha akasema, "Kijana, hao kumi ni watoto wa nani?" Nikamwambia kitabu hakisemi, mzee. Akaniuliza tena, kama vile nimeficha ukurasa.

Huku kwetu uvamizi si neno la karne ya 14. Mifugo ikichukuliwa usiku upande wa Merti au Oldonyiro, bunduki zikilia, hakuna anayekaa kesho yake kujadili kama waliochukua waligawana kwa haki. Mtu anauliza kama kila aliyetoka na mifugo amerudi. Pengine ndiyo maana swali la mzee lilikuja haraka hivyo, wakati mimi ilinichukua kusoma mara tatu nne. Tena mzee ni Mborana, na Waborana wana neno lao, buusaa gonofaa: mtu wa ukoo akipoteza ng'ombe, iwe kwa ukame au kwa wezi, ukoo unamchangia wanyama wa kuanzia upya. Ni wajibu. Aliyetoa hapewi lakabu, na aliyepokea hasimami barabarani kumwita mtu Baba wa Zawadi. Leo wewe, kesho mimi.

Lakini tuna ukarimu wa aina ya pili pia, na huo Abul-Mawahib angeutambua mara moja. Mheshimiwa anafika na magari, spika zinapiga, halafu anatoa. Nimewahi kusimama kwenye foleni ya basari. Hundi ya kadibodi ilikuwa kubwa kuliko dirisha la nyumba yetu, na mgeni rasmi alishukuriwa kwa dua, kwa wimbo na kwa hotuba tatu, kwa pesa zilizotokana na kodi. Zilizofika chuoni hazikumaliza muhula, na mwaka wa pili nikarudi nyumbani. Hilo limekwisha, silileti hapa kulilia. Nalileta kwa sababu kwenye ile picha natabasamu, na tabasamu ni la kweli. Mtu anayepokea hawezi kuwa mhasibu wa anayempa. Ibn Battuta alikuwa mpokeaji, maisha yake yote.

Na hili ndilo wengi hulisahau wakimtumia kama shahidi. Jamaa alizaliwa Tangier 1304, akatoka nyumbani kijana wa miaka 21, na kwa zaidi ya miongo miwili aliishi kwa kupokewa na watawala. Huko Mogadishu anakumbuka sahani kwa sahani: wali wenye samli, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, achari, kisha nguo alizotumiwa na sultani. Ni sehemu tamu sana, na ni risiti. Alipofika kwa Mansa Sulaiman wa Mali, mwaka 1352, aliletewa mikate mitatu, kipande cha nyama ya ng'ombe na kibuyu cha mtindi, akacheka. Alikuwa ametarajia majoho na pesa. Baadaye alimsimamia mfalme huyo na kumwambia kwamba ametembea nchi nyingi na kukutana na wafalme wake, amekaa hapo miezi minne bila kupewa kitu, sasa akafike kwa masultani wengine aseme nini juu yake? Bana, hiyo si kuomba. Hiyo ni kutisha mtu kwa kalamu, na ilifanya kazi: alipewa nyumba na posho. Wenye mikahawa wa siku hizi wanaotembelewa na watu wa video za chakula wanaijua sauti hiyo.

Mansa Sulaiman ameingia kwenye historia kama bahili. Kaka yake, Mansa Musa, yule aliyemwaga dhahabu Cairo hadi bei yake ikashuka, ameingia kama mkarimu. Sasa rudi Kilwa. Baba wa Zawadi anakufa, anarithiwa na ndugu yake Dawud, na Dawud, anasema Ibn Battuta, alikuwa kinyume chake. Akijiwa na mwombaji anamjibu kwamba aliyekuwa akitoa amekufa, na hakuacha kitu cha kutolewa. Wageni wanakaa mlangoni kwake miezi mingi, wanapewa kidogo, hadi wakaacha kuja. Ndugu wawili Mali, ndugu wawili Kilwa, hukumu ileile. Sisemi Ibn Battuta alitunga. Nasema alikuwa na mizani moja ya kupimia mfalme, nayo ni mkono unaomwelekea mgeni.

Tena fikiria habari za Dawud zilimfikia vipi. Alipokuwa Kilwa, al-Hasan alikuwa hai. Hakurudi tena. Kwa hiyo kila anachosema juu ya Dawud alikisikia baadaye, na mbali. Aliowataja kuwa wageni wa al-Hasan ni masharifu wa Hijazi na fakiri wa Yemeni, na kwa maneno yake mwenyewe waliokoma kwenda Kilwa ni watu wa aina hiyo. Mimi naisoma ile habari kama malalamiko ya watu waliokosa posho. Hakuna sauti ya mtu wa Kilwa humo, acha sauti ya mtu wa bara.

Tarehe ya Kilwa inampa Dawud sura nyingine. Al-Hasan alipokuwa safarini, Dawud ndiye aliyeushika mji kwa niaba yake, na ndugu alipotoka hija akamrudishia kiti. Fikiria familia za kifalme unazozijua, halafu uniambie ni mara ngapi umesikia hivyo. Al-Hasan alipofariki Dawud akarudi kutawala, kwa zaidi ya miaka 20. Ni ndani ya utawala wake ambapo tauni iliifikia Misri, 1347 na 1348, na kuyatikisa masoko yaliyonunua dhahabu ya dunia. Mtu aliyeongoza mji wa biashara miaka ile, jina lake likabaki kwa sababu tu alimwambia mwombaji "hakuna".

Na vipi kama lilikuwa jibu la kweli? Kwa hilo lazima tuache vitabu twende kwenye mawe.

Kilomita moja hivi mashariki ya mji wa Kilwa, juu ya mwamba unaotazama bahari, kuna magofu ya Husuni Kubwa. Mwanaakiolojia Neville Chittick alichimba huko hadi miaka ya 1960 na kuchapisha matokeo yake 1974. Ni kasri la mawe ya matumbawe lenye vyumba zaidi ya 100, ua mkubwa uliozungukwa na maghala, ua wa kupokelea watu wenye ngazi za kukalia, na bwawa la kuogea lenye pembe nane. Kulipatikana humo maandishi ya kuchongwa kwenye jiwe yakimtaja al-Hasan bin Sulaiman kwa cheo cha mfalme mwenye ushindi. Na kasri hilo halikumalizika. Lilikaliwa muda mfupi, likaachwa.

Ibn Battuta halitaji. Anasema Kilwa ni mji mzuri uliojengwa vizuri, na kwamba nyumba zake ni za mbao. Wataalamu wamevutana sana kuhusu mbao hizo. Mimi kinachonisumbua zaidi ni ukimya. Mtu aliyekumbuka achari ya Mogadishu amelisahau bwawa la pembe nane? Jibu langu ni kwamba kitabu hakikuwa na haja nalo. Aliyasema haya Fez, akiandikiwa na Ibn Juzayy kwa amri ya Sultani Abu Inan, na kazi ikakamilika 1355, miaka 24 baada ya safari ya Kilwa. Kiambaze hakina funzo kwa sultani anayesikiliza. Sultani anayevua nguo njiani analo.

Mawe yanasema kile ambacho kisa cha fakiri hakisemi: Baba wa Zawadi alikuwa pia mtu wa matumizi makubwa. Na kuna hili. Tarehe ya Kilwa inasema msikiti mkuu wa Ijumaa uliporomoka katika zama zake, ukakaa kifusi, ukajengwa upya karne ya 15 na Sultani Sulaiman bin Muhammad. Weka mambo haya pamoja, kasri lililokwama, msikiti ulioanguka, masharifu waliozoea kupokea, hazina iliyojazwa kwa kuvamia majirani. Hiyo ndiyo nyumba aliyoachiwa Dawud. Mtu akija mlangoni kwangu na deni kama hilo liko ndani, hata mimi ningemwambia mwenye kutoa amekufa.

Simtetei Dawud kama malaika. Ni wa ukoo uleule, kwenye kiti kilekile, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba aliwaachia wale ishirini. Ninachokataa ni kumsoma kama kivuli cha kaka yake. Kwenye kurasa nzima za Kilwa yeye peke yake ndiye anayetaja kwamba mali huwa inaisha, na kwa hilo amechekwa kwa karibu miaka 700.

Anayetaka kuzisoma kurasa zenyewe atafute tafsiri ya Kiingereza ya Said Hamdun na Noel King, iliyotoka 1975. Ni nyembamba na haina mbwembwe, na inakuletea Mogadishu, Mombasa, Kilwa na Mali kwenye kitabu kimoja, kwa hiyo unaweza kuwaweka wale ndugu wanne mezani pamoja. Soma polepole ukifika kwa Dawud, kwa sababu hapo ndipo mwandishi anapoharakisha. Hajapumzika hata kidogo baada ya jibu lile la mlangoni. Sentensi inayofuata yuko tayari kwenye jahazi, Kilwa iko nyuma, wanaelekea Dhofar, na mara anaanza kueleza jinsi farasi wazuri wa huko wanavyopakiwa kupelekwa India.